Aliyefariki Ghafla Jebel

Redioni kwetu kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuivunja: habari ni ya mhariri, tangazo la kifo ni la mwenye msiba. Habari, mhariri wetu Ustaz Pitia huikata, huipinda, na akiamka vibaya huitupa. Tangazo la kifo haligusi. Ukija pale mtaa wa Buluk, hapa Juba, ukakaa kwenye benchi letu la mapokezi na kusema marehemu alikuwa nguzo ya ukoo, nami nitasoma nguzo ya ukoo, hata kama mtaa mzima unajua alikuwa mlevi wa kutupwa. Msiba ni wako, maneno ni yako.

Mimi ni Akuol, wa kipindi cha Kiswahili cha asubuhi. Nilizaliwa Bor, nikalelewa Kitale, nikarudi nyumbani amani ya Sudani ilipotiwa sahihi. Wanaonisikiliza ni wapishi wa hoteli, madereva, makarani wa benki, Wakenya na Waganda, pamoja na sisi tuliorudi ambao Kiarabu cha Juba bado kinatupiga chenga. Watu husema nina sauti nzuri. Ni kweli, sitajifanya mnyenyekevu. Lakini na mdomo pia ninao, muulize Ustaz Pitia.

Basi, Alhamisi moja ya kiangazi, mwaka uliofuata ule wa sensa, niliingia kazini nikakuta habari zangu mezani kama kawaida. Habari za askari tulikuwa tunazipata kwa simu. Msemaji wao anapiga, Pitia anaandika kwa Kiingereza, mimi nageuza Kiswahili na kusoma. Hakuna aliyetoka kwenda kuona chochote. Asubuhi hiyo nikasoma kwamba jambazi mmoja, raia wa nchi jirani, ameuawa kwa risasi jana jioni huko mtaa wa Jebel alipowashambulia askari wa doria, na kwamba wananchi wanatakiwa kuwa macho na wageni. Nikaweka wimbo. Baada ya wimbo nikaingia kwenye matangazo ya vifo.

La kwanza lilikuwa limeletwa alfajiri na mzee Cyril, Mkenya, mzee wa kanisa lenye ibada ya Kiswahili. Alisema Zadock, fundi wa jenereta, mume wa Loise wa mtaa wa Malakia, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, amefariki ghafla jana jioni huko Jebel. Waombolezaji wakutane Malakia. Mwili utaondoka kesho saa tatu kwenda kwao Kakamega.

Nililisoma kwa ile sauti yangu ya msiba. Kwenye matangazo yetu kila mtu hufariki ghafla. Neno hilo limefunika mengi mjini hapa, pombe, ukimwi, magomvi ya ndugu, na hakuna anayeuliza, kwa sababu kumuuliza mfiwa ni utovu wa adabu. Jana jioni, Jebel, kwenye habari. Jana jioni, Jebel, kwenye vifo. Yote mawili niliyatamka mimi, na wallahi sikushtuka hata kidogo.

Aliyenishtua ni Loise mwenyewe. Alikuja kabla ya saa sita, leso kiunoni, viatu vimejaa vumbi la Malakia, akakaa kwenye benchi na kukataa maji. Akanieleza taratibu. Usiku kucha walikuwa wamekaa chini ya turubai na jirani zake na watu wa kanisa, na asubuhi wakafungua redio kusubiri tangazo. Habari ikatangulia. Mama mmoja akatikisa kichwa akasema hawa majambazi wanatuharibia jina sisi wageni, na wengine wakaitikia. Loise, aliyekuwa ameuona mwili na jeraha la risasi, aliinamisha kichwa. Kisha likaja tangazo. Jebel, jana jioni. Alisema aliona watu wakipiga hesabu kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, halafu mikoba ikaanza kuokotwa. Alipotoka kuja kwangu turubai lilikuwa nusu tupu, na mzee Cyril alikuwa amemshauri kwamba maombi ya kesho yafanyike pale pale nyumbani, ya kanisani yangoje mambo yatulie.

Alichokijua kilikuwa kidogo. Zadock alikwenda kutengeneza jenereta kwenye nyumba ya wageni chini ya mlima. Mwenye nyumba alimuona akiondoka na mfuko wake. Baadaye ikasikika milio. Mfuko ulirudi pamoja na mwili, askari wenyewe waliukabidhi hospitalini, na ndani mlikuwa na spana zake na kitambaa cha grisi. Kilichotokea katikati hakujua, na aliowauliza walitazama chini.

"Dada, leo umemsoma mume wangu mara mbili," akaniambia. "Kesho kabla hajaondoka, utamsoma yupi?"

Nikamwomba aningoje hapo kwenye benchi.

Nikaingia kwa Pitia nikiwa nimewaka. Yeye ni mwenyeji wa Juba, wa kabila la Wabari, mtu mzima wa miwani na shati lililopigwa pasi hata umeme ukiwa hakuna. Nilimwambia tusahihishe habari. Akaniuliza kama nilikuwepo Jebel. Nikasema sikuwepo. Akasema hata yeye hakuwepo, askari ndio waliokuwepo, na mtu aliyekuwepo ndiye anayenukuliwa. Nikamwambia Zadock naye alikuwepo.

Hapo akavua miwani. Akasema wageni wezi wapo, tusidanganyane. Jirani yake alifungwa kamba na watu waliokuwa wakizungumza Kiswahili. Nikamjibu kwamba hata mimi nazungumza Kiswahili, na kamba sina. Nikamkumbusha tunavyofanya. Askari wakimpiga risasi kijana wa hapa tunasema kijana wa mtaa fulani, mwana wa fulani, tunamtafuta mama yake atuambie alikuwa mtu wa aina gani. Akiwa ajnabi tunataja nchi yake, kalas, yameisha. Jina hatuna, ila kosa lake tunalo, limekuja na simu.

Akachukua simu mbele yangu akampigia msemaji. Aliuliza swali moja tu, jina la marehemu. Nikaona uso wake ukikunjamana. Alipokata aliniambia bado wanalifuatilia.

Mimi jambo hili lina mahali linaponigusa. Kitale, kaka yangu Bol alipigwa risasi ya mguu na polisi akitoka kununua mafuta ya taa. Redio ya kule ikasema mkimbizi mmoja wa Sudani amejeruhiwa akikimbia. Watoto wa shule walikuwa wakituita weusi kama sufuria, na tangu siku hiyo wakaongeza na wezi. Mama hakujua Kiswahili vizuri. Alimuuliza jirani, huyo mkimbizi mmoja ndio nani? Jirani akaona haya. Bol bado anachechemea, na hakuna redio iliyowahi kumtaja jina.

Nilimwambia Pitia hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha naye akanieleza ya kwake.

"Nyinyi mlikuwa Kitale mnakula mahindi ya kuchoma, mimi nilikuwa hapa vita vyote. Mtu alichukuliwa jioni asionekane tena, na hapakuwa hata na redio ya kumsingizia. Hii tuliyo nayo ikifungwa, Akuol, tutarudi kule. Mwambie huyo mama malesh, nampa pole. Habari siigusi."

Nilitoka nimenuna. Lakini nilipofika kwenye benchi na kumwona Loise amekunja mikono mapajani, anasubiri kama mtu anayesubiri daktari, ndipo likanijia. Habari ni ya mhariri. Sawa, abaki nayo.

Nikamuuliza kama angependa kulitoa tangazo lake upya, lisomwe kesho asubuhi. Akasema lile lilikuwa sawa, mzee Cyril alilipanga vizuri. Nikamwambia lile lilikuwa la mzee Cyril. Akanielewa, na akaogopa, nilimwona. Kwao kama kwetu, tangazo la kifo halisemi marehemu ameuawa na nani. Unatangaza msiba, hutangazi ugomvi. Na alikuwa mgeni, na kibali chake cha kukaa kilitoka kwa serikali ile ile ya askari hao. Nikamwambia hakuna atakayemlaumu akikataa. Akaomba yale maji aliyoyakataa mwanzo, akanywa, ndipo akaanza kusema, nami nikaandika.

Sikutaka kumfichia Pitia. Nisingeweza kumzunguka kisha kesho nimtazame machoni. Nikampelekea tangazo mezani. Alilisoma, akalirudia.

"Hili ni tangazo?" akauliza.

"Ni tangazo."

"La mwenye msiba?"

"La mwenye msiba, Ustaz."

Akalisukuma upande wangu bila kuligusa kwa kalamu.

Ijumaa asubuhi alikuja mapema kuliko siku zote, akaingia chumba cha mitambo na kukaa karibu na swichi inayokata matangazo. Nilimwona kupitia kioo. Nilisoma habari, nikaweka wimbo, wimbo ukaisha. Nikasoma hivi:

"Zadock, fundi wa jenereta, mume wangu mimi Loise, hakufariki ghafla. Alipigwa risasi na askari huko Jebel akitoka kazini na mfuko wake wa spana. Ndiye mliyemsikia jana kwenye habari, yule ambaye hakutajwa jina. Mimi sikuwepo. Sijui aliambiwa nini wala alijibu nini. Aliyekuwepo aje aniambie, nitamsikiliza. Mume wangu anaondoka leo saa tatu. Mliomjua, njooni mmuage."

Mkono wa Pitia ulikuwa juu ya swichi. Ukabaki pale mpaka nikamaliza, na hewani tulikuwa bado tupo.

Malakia sikwenda, kipindi kilinifunga. Baadaye mzee Cyril alinipigia simu, sauti imemnyong'onyea. Akasema turubai lilijaa, si wote waliorudi lakini lilijaa, na wapo waliokuja ambao hakuna aliyewajua, wenyeji wa huko Jebel ambao jenereta zao zilipita mikononi mwa Zadock. Mwili ulipitishwa kanisani. Kwaya iliimba bila besi ya kutosha. Kuhusu kilichotokea jioni ile, hakuna aliyejitokeza kusema lolote, na Loise alipanda gari na mumewe akiwa hajui.

Msemaji wa askari naye alipiga, na alipiga kwa hasira, maana nilimsikia nikiwa upande wa pili wa meza. Pitia akamwachia aseme yote. Kisha akamwambia kwa upole kwamba hiyo haikuwa habari, habari yao ilisomwa vile vile walivyoitoa. Lile lilikuwa tangazo, na tangazo ni la mwenye msiba. Alipoweka simu, miwani ilimtoka mkononi na kuanguka. Nikamwokotea, na sikumtania, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha.

Siku mbili tatu tulikaa tukisubiri kufungwa. Hatukufungwa. Jumatatu nilipotoka studio nikakuta bibi mmoja kwenye benchi, Mbari, mkongwe, anatoka nyuma ya Jebel. Alitaka kumtangaza mwanawe. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza amefariki lini, akasema kabla ya Krismasi ile ya mwaka juzi. Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwambia haboba, bibi yangu, malesh, hilo lazima lilishasomwa.

"Mlilisoma," akasema. "Mlisema ghafla."

Nyuma yake kulikuwa na mama mwingine, na baba mmoja ameshika kofia, wote wenyeji, wote wa hapa hapa. Nikageuka kumtafuta Pitia. Alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia. Alikwenda akavuta kiti, akaketi mbele ya yule bibi magoti yakikaribia kugusana, akafungua kalamu, na akamwambia kwa lugha yao maneno ambayo hata mimi niliyaelewa.

"Mama, anza na jina."