Manyoya kwenye Njia ya Chemchemi

Mwaka ule theluji ilichelewa, na mimi mpaka leo sijaisamehe.

Kijijini kwetu Karabay kila nyumba iliruhusiwa bata bukini watatu tu. Waliozidi walikuwa mali ya shamba la ushirika. Aliyekutwa na zaidi aliitwa tajiri, akapelekwa kaskazini kukata magogo, na wengi hawakurudi. Mume wangu Gabdelbar alikuwa amewaficha kumi na wawili kwenye kibanda cha kuogea. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, na siku ya kuwachinja nilichungulia langoni tangu alfajiri.

"Hakuna kualika wasichana kama desturi, hakuna nyimbo," alituambia. "Tunanyonyoa kimya kimya. Mama, umesikia?"

"Kwani mimi kiziwi?" alijibu mama mkwe wangu, Bibisara, akasonya.

Tulipomaliza kunyonyoa, nilijitwika mzegamzega nikawaoshe bukini chemchemini, nimewafunika gunia. Mama mkwe akanijazia manyoya kwenye aproni.

"Mwaga njia nzima."

"Mama, mwanao amekataza."

"Amekataza nyimbo. Manyoya hakuyataja. Usipomwaga, mwakani bukini hawazai. Mjukuu wangu atakula nini, magome ya miti? Na theluji inakuja leo, magoti yangu yameshaniambia. Nani ataona cheupe juu ya cheupe?"

Mke wa mwaka mmoja habishani na mama mkwe. Nilimwaga.

Magoti yale yalikuwa ya uongo. Jua liliwaka, na juu ya tope jeusi manyoya yalijipanga kutoka kibandani kwetu hadi chemchemi, kama unga uliovuja guniani. Nilichukua ufagio nikayafagie, nikachelewa. Afisa wa mjini alikuwa ameshafika langoni na mwenyekiti wa kijiji, Nurgali, aliyecheza utotoni na mume wangu.

Afisa aliyapiga teke manyoya. "Mbweha hao! Poleni, mmeliwa bukini wenu."

Nikashusha pumzi. Mtu wa mjini, angejua nini?

Lakini Nurgali alijua. Alikuwa amekulia njia ile ile, akiwakimbilia wasichana waliobeba bukini, akiimba nao. Alimtazama mama mkwe, uso ukampauka. Afisa akauona.

"Kuna nini, mwenyekiti? Unanificha kitu?"

Siku hizo swali kama hilo lilitosha kumpeleka mtu kaskazini. Nurgali alikuwa na watoto watano.

"Mbweha hamwagi manyoya mpaka chemchemi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Bibisara, nisamehe."

"Kasamehewe na mama yako!" alifoka mama mkwe.

Gabdelbar alitoka kibandani, mikono ikiwa bado na damu. Aliangalia njia, akaangalia ufagio wangu, akaelewa. Niliuficha ufagio nyuma ya mgongo.

"Mama," alisema, "hilo nilisahau kukukataza."

Walimpakia kwenye mkokoteni pamoja na nyama. Hatukupata barua hata moja.

Walituachia wale watatu halali, dume na majike wawili. Majira ya kuchipua walitotoa vifaranga ishirini na watatu, jambo ambalo halijapata kuonekana Karabay. Mama mkwe alikuja na mmoja kiganjani, machozi yakimtiririka.

"Yamefanya kazi, mwanangu," alisema. "Manyoya yamefanya kazi."

Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto. Nilimgeuzia mgongo.