Sentimita Sitini za Kamati

Mchora ramani wa idara ya barabara alikuwa na binti mmoja, baiskeli moja na hofu moja: binti huyo aliendesha baiskeli hiyo kwenda shuleni, katikati ya malori. Basi alipoagizwa kubuni njia ya baiskeli, alichora kama mtu amshoneaye mwanawe nguo: upana mita mbili, na ukingo wa zege wa kuyazuia magari.

Kamati ikashika mkasi. Kikao cha kwanza kiliondoa ukingo, eti unaharibu mandhari. Cha pili kikamega mita moja, iwe maegesho ya wajumbe. Katika cha tatu, Mhandisi Mkuu aliagiza baiskeli iegemezwe ukutani, ikapimwa usukani.

"Sentimita sitini. Ziada ni anasa."

"Lakini mzee, mwendeshaji hajapimwa."

"Si yuko juu ya baiskeli, bwana? Pembeni atafuata nini?"

Wajumbe wakapiga makofi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mchora ramani akaamua kulijaribu jicho. Korido ya ofisi ilianzia mlango wa mbele, uliotazama mtaa aliokaa yeye na bintiye, ikaishia lango la nyuma, mkabala na shule. Kikao kilichofuata, akachora humo mstari wa chaki, sentimita sitini kutoka ukutani, akamwomba Mhandisi Mkuu apite na baiskeli. Mama wa chai, na toroli lake, ndiye aliyekuwa lori.

Hatua ya tano, kiwiko kiligonga ukuta, usukani ukapinda, ukagonga toroli, na birika likamwagikia suruali ya mkubwa.

"We mama! Hunioni?"

"Nakuona, mzee. Ila mstari sijauvuka. Malori nayo ndivyo yasemavyo."

Kamati ikaketi kwa dharura. Ndani ya dakika kumi iliazimia kwa kauli moja: korido ni hatari! Ukuta wa stoo ubomolewe, itengwe njia ya mita mbili, yenye ukingo wa zege, "kwa usalama wa wote wapitao." Barabara? Itasubiri.

Shule zilipofunguliwa, mchora ramani aliushikilia wazi mlango wa mbele. Kengele ya baiskeli ikalia koridoni.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba," akajibu Mhandisi Mkuu, kajibanza ukutani na mafaili yake. "Nani kamruhusu huyu?"

"Kamati, mzee. Naye si anapita?"

Binti alikwisha kutokea lango la nyuma.