Shahidi Asiye Ndugu

Kazue Terasaki aliificha siri ya mumewe kwa ustadi mkubwa, hata siku alipohitaji mtu mmoja tu wa kuitoa, hakumpata.

"Mama, nakuelewa," alisema karani wa ofisi ya pensheni katika mji wa Muroran, kaskazini mwa Japani, kijana wa watu mwenye sauti ya upole. "Mumeo ni mgonjwa, cheti cha daktari wa sasa kitatosha kwa hilo. Lakini pensheni ya ulemavu inataka tujue ni lini alionana na daktari kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo haki yake inapoanzia."

"Yule daktari wa kwanza alishakufa. Kliniki yake ilibomolewa, siku hizi watu wanaegesha magari pale."

"Basi tuletee mtu anayekumbuka. Jirani, mfanyakazi mwenzake, yeyote. Ila asiwe ndugu."

"Asiwe ndugu?"

"Ushahidi wa ndugu wa karibu haupokelewi." Karani akamtazama, akashangaa. "Hakuna hata mmoja anayejua? Miaka yote hiyo?"

Kazue aliinamisha kichwa, akaomba radhi kwa usumbufu, akatoka.

Angejua nani? Morio alikuwa fundi wa majiko, yale majiko ya mafuta ya taa yanayopasha nyumba joto, na huko Hokkaido mtu bila jiko hamalizi majira ya baridi. Alikuwa fundi hodari. Lakini alikuwa na maradhi ambayo madaktari huyaita baipola: kuna miezi alilala ameupa ukuta uso, haogi, hali mpaka abembelezwe, na kuna majuma alipaa, halali, hanyamazi, ana mipango ya kugeuza dunia. Alipolala, Kazue aliwaambia majirani kuwa ni mgongo. Alipopaa, aliwaambia amepata kazi ya mbali. Mama mkwe alimkanya tangu wiki ya harusi: "Mwanangu, mambo ya nyumba hii yaishie kizingitini." Naye akayaishilizia hapo hapo. Mama mkwe alikwenda kaburini ameridhika. Duka alilokuwa akifanyia kazi Morio lilichoka kumsubiri, likamwachisha, na mshahara wa Kazue wa kupika katika jiko la shule ya msingi haukuwatosha wawili.

Alibaki mtu mmoja. Mzee Nishikido, aliyemfundisha Morio kazi ujanani, ndiye aliyempeleka kliniki mara ya kwanza, kabla Kazue hajaolewa. Ukoo wa Terasaki ulimchukia kwa hilo, ukamkatia mguu. Kazue alimpigia simu, na mzee akasema, "Njoo, shemeji. Njoo tuzungumze."

Asubuhi ya safari, Kazue aliamshwa na harufu ya supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa. Tangu majira ya kuchipua Morio hakuwahi kuamka kabla yake. Sasa alikuwa jikoni, amenyoa ndevu, amevaa shati safi, na vifaa vyake vya kazi amevipanga juu ya gazeti, vinang'aa kama vijiko vya mgeni.

"Mke wangu! Leo kichwa chepesi, unaona? Kaa, kunywa supu. Unajua mtaa mzima huu unatupa joto nje?"

"Joto gani tena?"

"Bomba la moshi, Kazue! Mtu ananunua mafuta, anawasha jiko, halafu bomba linachukua joto linawapa kunguru. Mwizi yule! Mwizi tunayemfungia kwa misumari kwenye kuta zetu wenyewe!" Akacheka mpaka macho yakamtoka machozi.

Kazue naye alicheka kidogo, kwa adabu.

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa, nimekunywa. Umekuwa polisi siku hizi?"

Alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Moyo mmoja ulimwambia abaki. Mwingine ukamwambia: likizo umeshaomba, mzee anakungoja, na mtu akipata nafuu siku moja si lazima iwe balaa. Akausikiliza wa pili. Garimoshi likamchukua kuizunguka ghuba, ukungu umekaa juu ya maji, mabomba ya kiwanda cha chuma yakionekana nusu na kupotea nusu.

Mzee Nishikido alikuwa uani kwake, katika mji wa Date, akitundika figili ndefu nyeupe kwenye upenu zikauke kwa ajili ya achari. Alimkaribisha Kazue ndani, akamwagia chai, akasikiliza yote bila kumkatiza.

"Nitaandika," alisema. "Nakumbuka vizuri. Ilikuwa mwanzo wa baridi, mwaka ule moto ulipounguza ghala la bandari. Nilimshika mkono mwenyewe mpaka mbele ya daktari." Kisha akaweka kikombe chini taratibu. "Shemeji, sasa hivi yukoje? Amelala?"

"Hapana. Leo ameamka vizuri. Anacheka."

Mzee hakutabasamu.

"Walikuambia kwa nini nilimpeleka?"

"Waliniambia alikuwa na huzuni."

"Huzuni!" Mzee akatikisa kichwa. "Hakuwa na huzuni hata chembe. Alikuwa anaimba. Aliamka siku hiyo na wazo lake, akaliziba bomba la jiko kwenye chumba walikolala wanafunzi wangu, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, eti joto lisitoke. Moshi ukakosa pa kutokea, na ile hewa yake ya sumu haina harufu. Waliokoka kwa sababu mmoja wao alijikokota kwenda haja, akaangukia mlango, mlango ukafunguka. Hewa safi ikaingia. Baba yake Morio alinipigia magoti nisiseme kwa mtu."

Kazue alisikia maneno ya asubuhi yakirudi kichwani, yale ya kunguru na mwizi. Alitoa simu. Nyumbani iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Hakuna.

Akapiga kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Bibi Ubukata, mjane aliyeishi peke yake.

"Aa, Kazue!" Sauti ya bibi ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka usingizini. "Mumeo malaika, nakwambia. Kanitengenezea jiko, hata chai hakutaka. Joto limekolea, mpaka kichwa kinaniuma."

"Bibi, zima jiko. Fungua madirisha, utoke nje."

"Nitoke nje na baridi hii? Wewe umelewa?" Akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Lina nini? Si kalishika fundi?"

Kazue alikuwa na jibu tayari, la aina ya mgongo unaouma na kazi ya mbali; akaliacha.

"Bibi, mume wangu ni mgonjwa," alisema. "Ni mgonjwa wa akili. Ameziba bomba lako la moshi. Hiyo unayovuta ni sumu. Tafadhali, bibi yangu, nakuomba, tambaa kama huwezi kusimama."

Hakujibiwa. Kulikuwa na mkwaruzo, kisha kishindo cha kitu kuanguka, kisha ile simu ikabaki wazi, na Kazue akasikia redio ya bibi ikitangaza hali ya hewa.

Mzee Nishikido alikwisha kuwaita zimamoto kwa simu yake na tayari alikuwa anavaa viatu. "Panda gari," alisema.

Njia ile ya kurudi Kazue hakuja kuikumbuka vizuri. Alikumbuka tu kwamba alipiga simu kila nyumba ambayo namba yake alikuwa nayo, na kila nyumba alisema maneno yale yale: mume wangu ni mgonjwa wa akili, msiwashe jiko, tokeni nje. Wengine walimuuliza maswali. Mwingine alimkatia simu akidhani ni mzaha. Kadiri alivyosema, maneno yalizidi kuwa mepesi mdomoni, na hilo nalo lilimtisha.

Walipofika, gari la zimamoto lilikuwa limeuziba mtaa. Bibi Ubukata alikuwa amelazwa kwenye machela mbele ya nyumba yake, kipumulio usoni, nywele zake nyeupe zimefumuka. Walimkuta ukumbini, mkono umenyooshwa kuelekea mlango.

"Yu hai?" Kazue aliuliza.

"Yu hai," alijibu zimamoto mmoja. "Nyinyi ndio mliopiga simu? Nyumba gani nyingine?"

"Sijui. Sijui!"

Akaanza kubisha. Alikimbia mlango kwa mlango na soksi zake, maana kiatu kimoja kilimtoka akakitupa na cha pili. Majirani walitoka wakiwa wamejifunga mablanketi, wakamtazama kama hawajawahi kumwona. Katika nyumba mbili jiko lilikuwa limeshikwa na Morio lakini halijawashwa. Katika nyumba ya muuza vitambaa lilikuwa linawaka, na mkewe alikuwa amelala kitini; walimtoa akitapika, lakini akitembea.

Morio mwenyewe waligundua alipo kwa kumsikia. Alikuwa juu ya ngazi nyuma ya nyumba ya kinyozi, anaimba, anasokomeza matambara na udongo kwenye mdomo wa bomba. Zimamoto walipomsogelea alipanda paa kwa kasi ya paka.

"Msiniguse! Mmetumwa na wauza mafuta nyie!"

Mabati ya paa yalikuwa yameanza kuganda barafu. Kazue alimwita, naye akamjibu kwa furaha, "Kazue! Waambie! Waambie wewe nilivyokueleza!" Kazue alijua neno lolote la kumkataza lingemsukuma hatua moja zaidi.

Mzee Nishikido alisogea mpaka chini ya paa, akavua kofia.

"Morio, kijana wangu."

Morio akageuka, akaganda. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto. "Bosi? Umekuja kuona?"

"Nimekuja. Lakini macho yangu siku hizi hayafiki juu huko. Shuka uje unieleze toka mwanzo. Polepole, mimi mzee."

"Utanisikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Alishuka. Alieleza, na mzee alimsikiliza kweli, amemshika kiwiko, akiitikia "ehe, ehe," wakitembea pamoja mpaka kwenye gari la wagonjwa lililokuwa likingoja. Mlango wa gari ulipofungwa ndipo Morio alipoona nyuso za mtaa mzima, na machela. Aliacha kusema. Kazue alisema baadaye kuwa heri yeye asingeuona uso wa mumewe wakati ule.

Morio alilazwa hospitalini majira yote ya baridi. Bibi Ubukata alipona, ila mikono ilibaki inatetemeka na majina yalimpotea. Binti yake alikuja kumchukua akampeleka mji wa Tomakomai, nyumba ikafungwa. Kazue alikwenda kumwomba radhi kabla hajaondoka, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Bibi akamwambia, "Ungeniambia mapema, mwanangu, ningekuwa nakuletea supu."

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kazue alikuwa akiisikia kauli hiyo tangu utotoni kwa maneno ya kwao, lakini hakuwahi kudhani kifo kinaweza kupita nyumba kwa nyumba kikitafuta mtu wa kumuumbua kupitia kwake. Baadhi ya majirani waliacha kumsalimia. Jalada la matangazo ya mtaa, lililozoea kupitishwa kila mlango, lilianza kuuruka mlango wake. Mke wa muuza vitambaa peke yake ndiye aliyemsimamisha sokoni akamuuliza, "Na wewe, unakula?"

Mzee Nishikido aliandika ushahidi wake, safari hii bila kuficha lolote. Pensheni ikapitishwa. Ilikuja na sharti: baada ya miaka michache ofisi itamkagua upya, ione kama ugonjwa upo bado.

Morio alirudi nyumbani theluji ikiyeyuka, amekonda, mwendo wake wa taratibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Jioni moja walikuwa wanamenya viazi alipouliza:

"Watataka uwaandikie tena habari zangu?"

"Watataka."

"Na kama nitakuwa mzima?"

"Tutaandika kwamba u mzima."

Alimenya kiazi kingine mpaka kikaisha. "Wewe utajuaje? Siku ile asubuhi mimi nilijiona mzima kuliko siku zote."

Kazue hakumpoza kwa jibu la aina aliyokuwa nalo tele zamani. Akasema kweli.

"Sitajua."

"Basi usininyamazie." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukiona hata kidogo tu, usiningoje nikubali. Toka. Kapige milango."

Kazue alimwambia atapiga. Tangu siku hiyo, kila Morio alipoamka kabla yake, alibaki amelala macho wazi chini ya mfarishi, akisikiliza anachofanya jikoni.