Kiwambo Alichokitengeneza Rauno

Ilpo Karvinen ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kutunza bunduki. Kila mwisho wa kiangazi, kabla msimu wa kuwinda hirvi, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, haujafunguliwa, wanachama wa chama cha wawindaji cha kijiji walikutana kwenye uwanja wa shabaha, naye akasimama mbele yao na kikombe cha kahawa na kuwaambia yaleyale ya mwaka uliopita. Ukirudi kuwinda, fungua kiwambo cha sauti kwenye mtutu siku hiyohiyo. Kisimamishe mahali pakavu, unyevu utoke, maana masizi ya baruti yakikutana na maji yanakula chuma. Futa nyuzi za kufungia, ile mikato ya hesi kwenye ncha ya mtutu, paka mafuta kidogo. Na ukishakirudisha, piga risasi ya majaribio kwenye ubao kabla hujamwelekezea mnyama.

Alikuwa mkali kwa jambo hilo. Mwaka mmoja alishika kiwambo cha Saija Kemppainen, mwanamke mwenye mbwa hodari kuliko wote chamani, akakizungusha kwa vidole viwili na kikazunguka.

"Hiki umekifunga au umekitundika?" alimuuliza, watu wote wakisikia. "Kikilegea hivi risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Ukitaka mapambo, Saija, nunua hereni."

Watu walicheka. Saija alikaza kiwambo chake, shingo imemwiva.

Ilpo mwenyewe alikuwa ameacha kufanya hayo yote. Hakuwa na sababu. Alirudi msituni amelowa, sauna imeshapashwa moto, mkewe Marketta ameshatandika meza, naye akaiingiza bunduki kwenye kabati la chuma kama ilivyo, kiwambo kikiwa palepale kwenye mtutu, akisema moyoni kwamba kesho atakishughulikia. Kesho ilipofika hakukishughulikia. Msimu ukapita hivyo, na mwingine. Hakuna aliyekagua bunduki ya Ilpo, kwa kuwa mkaguzi alikuwa Ilpo.

Kiwambo chenyewe kilikuwa cha chuma, kazi ya Rauno Tolvanen, mwanachama mwenzao, mchonga vyuma mwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Nusu ya chama walitumia viwambo vyake. Walipokuwa wakichagua, Rauno alimshauri Ilpo achukue kizito kidogo chenye kuta nene, au kama uzito unamsumbua basi anunue dukani cha titani, madini mepesi yasiyoshika kutu. Ilpo alitaka chepesi, tena kitoke mikononi mwa Rauno. Rauno alikubali, akamwonya tu kwamba chuma chembamba hakitaki uvivu.

Msimu ule mvua ilinyesha mfululizo. Jumamosi moja ya Oktoba Ilpo alipangiwa kusimama ukingoni mwa eneo lililokatwa misonobari, na Saija akaingia msituni na mbwa wake, Tuisku. Haukupita muda mrefu kabla mbwa hajaanza kubweka, na dume la hirvi likatoka kwenye miti, likatembea taratibu kuvuka visiki. Lilikuwa karibu, limegeuza ubavu. Ilpo alishusha pumzi na kufyatua.

Mlio haukuwa ule aliouzoea. Ulikuwa mpasuko mkavu uliomgonga masikioni, na bunduki ikamtikisika mikononi. Kifuniko cha mbele cha kiwambo kilikuwa kimechanika na kukunjuka nje. Dume lilipinda mgongo, likajikokota na mguu mmoja wa nyuma unaning'inia, likapotelea upande wa kinamasi.

Alilazimika kutangaza kwenye redio yao ya mawasiliano kwamba amejeruhi. Neno hilo hakuna mwindaji anayependa kulitamka, na yeye hakuwa amewahi kulitamka. Aulis, kiongozi wa msako, alisimamisha kila mtu, kisha Saija akafuata damu na mbwa. Ilpo alikaa juu ya kisiki na bunduki magotini, akisikiliza. Jioni ilikuwa inaingia ndipo risasi ya Saija ikasikika, mbali sana, upande wa pili wa kinamasi. Walipolivuta lile dume hadi barabarani, Ilpo aliona jinsi lilivyoteseka, akageuza macho.

Kwenye banda la kuchunia walimzunguka, wakakitazama kiwambo. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomponza, maana wote waliamini kwamba mtu kama yeye hawezi kukosea.

"Si kazi ya Rauno hii?" Aulis aliuliza.

"Ni yake."

"Sasa imekuwaje?"

Ilpo alijua imekuwaje. Alipokuwa akikifungua pale kwenye kisiki, kiwambo kilikuwa kimeganda kwenye nyuzi hata akalazimika kukibana kwa goti, na kilipotoka kikamwaga unga mwekundu wa kutu kwenye suruali yake. Ule unga alikuwa ameupangusa.

"Nadhani alipochomelea paliachia," alisema.

Saija, aliyekuwa akiosha kisu, aliinua kichwa akamtazama kidogo. Kisha akaendelea kuosha.

Usiku ule Ilpo hakugusa chakula. Alimwambia Marketta kwamba tumbo linamsumbua, akaenda kukificha kiwambo kwenye banda la kuni, nyuma ya magogo ya mwaka juzi.

Maneno yake yalifika kwa Rauno kabla ya Jumatatu. Rauno hakungoja kuulizwa. Alimpigia simu kila mtu aliyemtengenezea kiwambo, akawaomba wasikitumie hadi akikague. Jioni moja alikuja kwa Ilpo. Alivua kofia mlangoni na kukataa kuketi mpaka amalize kusema alichokuja kusema.

"Ulitaka chepesi, nami nikakupa," alisema. "Nilipaswa kukukatalia. Mimi ndiye fundi, ni kazi yangu kukataa. Nisamehe, Ilpo. Yule mnyama aliteseka kwa sababu yangu."

Ilpo alifungua kinywa. Marketta alikuwa ameshaweka vikombe na mkate mtamu wa iliki mezani. Ingekuwa rahisi kusema wakati ule, kabla Rauno hajaketi. Badala yake alisikia sauti yake ikisema kwamba mambo hayo hutokea, asijali, anywe kahawa.

Rauno aliketi, akanywa. Alitoa mfukoni kiwambo kipya, kinene, amekitengeneza kwa nyuzi za mtutu wa Ilpo, akamwambia hataki malipo. Kisha akaomba kile kilichopasuka. Alitaka kukipasua kwa urefu aone visahani vya ndani, vile vinavyopunguza mlio, vilivunjika wapi, asije akarudia kosa.

"Nimekitupa," Ilpo alisema. "Kwenye chuma chakavu."

"Aa." Rauno alizungusha kofia mikononi. "Basi sitajua."

Alipoondoka, Marketta alikusanya vikombe bila haraka. Alikuwa ameenda kuchukua kuni asubuhi ile. Hakusema ameona nini huko. Alimuuliza mumewe tu mkate uliobaki auweke kwa ajili ya nani, maana yeye hautamshuka. Ilpo akatoka nje akasimama kwenye mvua.

Wiki zilizofuata alisikia kwamba Rauno ameacha kutengeneza viwambo. Alikuwa amevikagua vyote, hakuona kasoro, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi, kwa sababu kosa usiloliona huwezi kulirekebisha. Kijana wa kijiji jirani alipokuja kuagiza alimwelekeza dukani. Ilpo alibeba bunduki mara mbili kwenda uwanjani kujaribu kile kiwambo kipya, na mara zote mbili alirudi bila kukifunga.

Mwishowe alitoa kiwambo cha zamani nyuma ya magogo, akakizungushia gazeti na kwenda nacho karakanani. Rauno alikuwa ananoa meno ya msumeno. Ilpo alikiweka juu ya meza ya kazi pamoja na kile kipya.

"Sikukitupa," alisema. "Na hapakuachia. Nilikiacha kwenye mtutu na maji yake, misimu miwili."

Rauno alisogeza msumeno kando. Alichukua kiwambo cha zamani, akakigonga taratibu kwenye ukingo wa meza. Vipande vya kutu vilidondoka, vingine vikubwa kama makapi ya shayiri. Alimulika ndani kwa tochi, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Uliniona navua kofia," alisema.

"Nilikuona."

"Ukanikaribisha kahawa."

Ilpo aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na angeona afadhali.

"Mimi usinieleze tena," Rauno alisema. "Nenda ukasemee kulekule ulikosemea." Alikichukua kiwambo kipya, akakifungia kwenye droo.

Jumamosi iliyofuata chama kililisha kijiji supu ya hirvi kwenye ukumbi, kama kila mwaka. Watu walijaa, wazee kwa watoto, mvuke wa masufuria umefunika madirisha. Rauno hakuja. Aulis alipomaliza kuwashukuru wenye mashamba, Ilpo alisimama bila kuitwa. Alisema kwa maneno machache kwamba dume lile lilijeruhiwa kwa uzembe wake, kwamba kazi ya Rauno ilikuwa safi, na kwamba alipoulizwa alimsingizia. Mzee mmoja nyuma, ambaye masikio yalishamchoka, aliuliza kwa nguvu, "Anasema nini huyu?" na binti yake akalazimika kumrudia yote, neno kwa neno, ukumbi mzima ukisikiliza mara ya pili.

Ilpo alibaki amesimama. Saija ndiye aliyezungumza.

"Keti, Ilpo. Supu inapoa."

Aliketi, akala, kwa sababu kutokula kungewafanya wamwonee huruma. Marketta alikaa karibu naye, akamsogezea mkate.

Hakungoja kuondolewa kwenye ualimu. Alimwomba Aulis ampe Saija, na Saija akakubali kwa sharti moja, kwamba bunduki zote zikaguliwe, pamoja na ya kwake. Rauno alirudi kutengeneza viwambo wakati wa baridi, cha kwanza akampelekea yule kijana wa kijiji jirani. Ilpo alinunua cha dukani, kizito. Dukani walipokutana Rauno alimwitikia kwa kichwa na kupita.

Msimu uliofuata Ilpo aliomba kutembea msituni kuwasukuma wanyama, bila bunduki, na hakuna aliyemuuliza sababu. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na ukungu, naye akaacha kidogo mstari wa wenzake. Redio iliyokuwa kifuani mwake ilikoroma.

"Ilpo, umeenda kushoto mno," ilisema sauti ya Rauno, aliyekuwa akiwafuatilia kwenye ramani ya simu na hakuwa amemsemesha Ilpo tangu siku ile karakanani. "Simama hapo, mbwa yuko mbele yako."

Uso wa Ilpo ulipata moto kama siku ile ukumbini. Alibonyeza kitufe, akajibu kwamba amesikia, akasimama.