Mikato Mitatu Chini ya Televisheni

Mimi, Nzembi wa Ndeti, niliyeishia darasa la sita, ndiye mwanamke wa kwanza nyuma ya mahakama ya Makadara kupanda ndege hadi Dubai na kurudi na televisheni ya rangi, inchi ishirini, kwa bei ya kutupa. Waulize majirani, watakwambia. Watakwambia pia kwamba iliwaka kwa muda wa kuhesabu moja hadi nne.

Moja, kioo kikatoa mwanga wa buluu. Mbili, nyuso za watu kwenye mabenchi zikawa za buluu. Tatu, jirani yangu Truphena akasema, "Bwana asifiwe." Nne, ikalia paa! kama chupa ya soda iliyodondoka sakafuni, na moshi ukatoka mgongoni mwake. Moshi mwembamba, wenye adabu, kama wa mzee anayevuta kiko chake bila kutaka kusumbua mtu.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. Makadara watu hucheka hata matangani.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Mei, mwaka wa tisini na nane. Zilikuwa zimebaki siku kumi Kombe la Dunia lianze. Chumba kile nilikuwa nimekilipia hadi mwisho wa Juni kwa pesa zote nilizokuwa nazo, na mpango wangu ulikuwa mwepesi: mabenchi sita, televisheni moja, kiingilio shilingi kumi, mwezi mzima wa mpira. Ukifaulu, nabaki mjini nile jasho langu. Ukianguka, narudi Wamunyu kwa shemeji yangu Matheka, ambaye alishaniambia, udongo wa kaburi la kaka yake ukiwa bado mbichi, kwamba mjane hana kazi mjini, na kwamba kwake kuna chumba kando ya kuku. Alisema "kando ya kuku" kwa upole, kama mtu anayetaja jina la mtaa.

Sasa mbele yangu walikaa watu arobaini niliowaita wenyewe kutoka kanisani waje waone bure, ili wakawatangazie wengine. Walitoka mmoja mmoja wakinipa mkono. Kama matanga kweli.

Wazo la Dubai lilikuwa la Wavinya, mpwa wangu, aliyekuwa akileta nguo za watoto kutoka kule na kuziuza Buruburu. Aliniambia kule televisheni ni bei ya jogoo. Sikumwuliza jogoo wa wapi. Nilifunga vinyago vya mwisho vya marehemu mume wangu Ndeti, mabakuli, vijiko vya saladi na swala wawili, nikaviuza kwa watalii na kwa Wavinya mwenyewe, nikapata tiketi. Mke wa mchongaji husugua msasa miaka thelathini, na mimi vidole vyangu havikuwa na alama za kusomwa na serikali. Vilikuwa laini kama vya mchungaji. Nilidhani vimestahili kusafiri.

Duka la kule lilikuwa na televisheni zilizopangwa hadi darini. Mwuzaji alinipa chai, akaniita mama. Ya bei nafuu kuliko zote ilikaa peke yake kwenye kona, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mgongoni ilikuwa na maandishi yaliyofanana na vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, na katikati yake tarakimu ninazozijua: mia moja. Nikajiambia, tazama, imepata mia kwa mia.

Hotelini nikapiga hesabu kwa vidole na nikaona nimeokoa nusu nzima ya bei ya Nairobi. Nililala nikicheka. Halafu tukaenda uwanja wa ndege, wakaipima kama ng'ombe wa mnada, wakanilipisha uzito. Nairobi wakanilipisha ushuru. Mwenye teksi akasema sanduku lile linahesabiwa kama abiria. Televisheni ilipoingia Makadara, ile nusu niliyookoa ilikuwa imekwisha kuliwa, na nyingine imeanza kuumwa pembeni. Tiketi sikuitia katika hesabu hata kidogo. Watu walipouliza bei, niliwatajia ile ya dukani tu, kana kwamba televisheni ilikuwa na miguu na ilijiendea yenyewe hadi nyumbani.

Kuna jambo moja nililifanya kule hotelini, nalo ndilo lililobeba mengine yote. Kwetu Ukambani ukoo una alama yake. Ng'ombe hutiwa, mzinga wa nyuki hutiwa, hata mshale hutiwa, ili kitu kikipotea kirudi kwa mwenyewe. Ndeti aliihamishia alama hiyo kwenye vinyago: kila alichokichonga alikigeuza mwishoni, akakitia tumboni mikato mitatu na nukta moja. Basi usiku wa kuamkia safari, nikiogopa wasinibadilishie mzigo njiani, niliilaza televisheni kifudifudi kitandani, nikatoa kisu changu cha kumenyea maembe, nikaitia tumboni mikato mitatu na nukta. Plastiki ni laini kuliko mpingo. Nilimwambia Ndeti, aliko, kwamba kazi za siku hizi ni rahisi.

Jioni ile ya moshi nilimwita Odera, mwana wa Truphena. Alikuwa fundi wa redio mwenye kibanda kando ya Jogoo Road, mwanaume mzima mwenye mke, lakini kwangu alikuwa bado yule aliyejifunza kutembea akishikilia sketi yangu. Mume wa Truphena alifanya kazi reli, mume wangu alikuwa kwenye mbao, na sisi wawili tuliwalea watoto wetu, Mbithi wangu na Odera wake, kwa sufuria moja. Kigoda alichokalia Odera akinywa uji kilichongwa na Ndeti.

Alifungua mgongo wa televisheni, akainusa, akatikisa kichwa.

"Mathe, hii imeenda," akasema. "Iliundiwa umeme wa mia moja. Wewe umeinywesha mia mbili na arobaini. Imeungua moyo."

"Haina dawa?"

"Hata Dubai watakucheka. Lakini naweza kukupea thao moja ya vipuri. Kwa vile ni wewe."

Shilingi elfu moja. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikamwambia Mungu ambariki. Nilimsindikiza hadi mlangoni akiwa ameikumbatia, na nikamshikia mlango, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa.

Majirani nikawaambia Odera anaitengeneza. Uongo, naam, lakini ulikuwa mdogo na ulikuwa wangu. Truphena akaupenda kuliko mimi. Kufikia Jumatano alikuwa ameshawatangazia akina mama wote wa kanisa kwamba mwanawe anafufua televisheni.

Siku ya Alhamisi nilichukua tezo tatu za Ndeti na visu vyake saba, nikaenda navyo Gikomba kwa wachongaji wenzake. Mzee Kivuva, aliyechonga naye tangu ujana, aliinusa kwanza ile mipini kabla ya kulipa. Nilibakisha kisu kimoja, kile kidogo cha kumalizia, kwa sababu hakikuwa na bei na kwa sababu sikuweza.

Nikiwa na pesa hizo nikapanda Eastleigh, kwa Fowsiya, ambaye Wavinya alikuwa akimtaja kwa wivu. Duka lake lilikuwa ghorofa ya pili, na kitu cha kwanza nilichokiona mle ndani kilinisimamisha mlangoni: televisheni mpya, inchi ishirini, katika sanduku lake, na bei yake ilikuwa chini ya yangu ukiihesabu yangu ilivyopaswa kuhesabiwa. Nilimweleza Fowsiya safari yangu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakunijua.

"Mama," akasema, "ulipanda ndege kwa televisheni moja? Mimi naleta mia tatu kwa meli. Ndege ni ya watu."

Nikamwambia hata hiyo yake mpya siiwezi, anitafutie kuukuu. Akanipeleka nyuma, akanionyesha moja iliyokuwa ikiwaka vizuri, sauti safi, rangi safi, kando yake kijisanduku cha chuma cha kupunguza umeme. Ilifanana na yangu, lakini televisheni zote zilifanana wakati ule, kama viatu vya wahubiri. Bei yake ilikuwa ya kuvutia. Akaniambia niitazame nikipenda.

Sisi watu wa vinyago hatununui kitu kwa uso. Uso wa kinyago hupakwa rangi ya viatu ukang'aa. Tumbo ndilo husema kweli. Nikamwomba msaidizi wake aiinue kidogo, nikapitisha mkono chini.

Mkato mmoja.

Nikadhani ni ufa. Vidole vikaendelea vyenyewe. Mkato wa pili. Wa tatu. Na nukta.

Nimewahi kushtuka maishani. Nilimkuta nyoka ndani ya kibuyu. Niliamka nikamkuta Ndeti amekuwa baridi kando yangu. Lakini kifo hakikudanganyi, na nyoka hakukulia kwenye sketi yangu. Nilisimama pale mkono ukiwa chini ya televisheni kama mkunga. Fowsiya akaniletea kiti. Akaniletea maji. Alidhani ni ngazi.

Nikauliza ilitoka wapi.

"Kwa fundi mmoja wa Makadara, Jumatatu. Mrefu, ana pengo hapa." Akagusa jino lake la mbele. "Alisema ni ya mama fulani aliyehamia mashambani."

Jumatatu. Moshi ulikuwa haujatoka kwenye mapazia yangu, na Odera alikuwa ameshaniweka kando ya kuku.

Nikainunua. Nilimpunguzisha Fowsiya bei hadi akaniita adui, nikalipa kwa tezo za Ndeti. Basi nami nina haki ya kusema nimeilinganisha Dubai na Eastleigh kuliko mtu yeyote: televisheni moja nimeinunua huku na huku, na ya Eastleigh ndiyo iliyokuwa rahisi.

Haya yote sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Ninayaandika sasa kwa sababu Truphena ametangulia, na udongo wake umeshaota nyasi. Angekuwa hai, ningekufa nayo.

Siku ya ufunguzi wa Kombe, jua likiwa bado juu ya mabati, chumba kilijaa hadi watu wakakaa dirishani. Nilikuwa nimeiweka televisheni ndani ya kabati la mbao, nikaifunika kitambaa cha kufuma hadi kwenye nyusi, kioo tu kikabaki kuonekana. Kile kijisanduku cha chuma nilikificha nyuma. Truphena alikaa benchi la mbele na gauni lake la Jumapili, akimwonyesha kila aliyeingia.

"Hiyo ilikuwa maiti," aliwaambia. "Mwanangu ndiye aliyeifufua."

Odera akaingia mwisho, na watu wakampigia makofi. Nilimwona anaitazama. Nilimwona anavyofikiri: mathe amepata nyingine mahali, sasa ananitumia kuficha aibu yake. Wazo hilo likamtulia usoni kama mafuta. Akaruhusu mkono wake utikiswe. Mtu mmoja akamwuliza ilimchukua siku ngapi.

"Kazi ndogo tu," akasema. "Usiku mmoja."

Na hilo, mniamini, lilikuwa kweli. Uongo niliomtungia ulikuwa kweli tupu, na ni yeye peke yake mle ndani aliyedhani ni uongo.

Nikamwita nyuma ya kabati. Nikamwinamia kama mtu anayetaka kushukuru.

"Hapa tuko wawili, Odera. Ile yangu uliipeleka wapi?"

Hakupepesa. "Niliivunjavunja, Mama Mbithi. Vipuri viwili ndio nilipata. Hiyo ingine nilitupa jaa la Dandora. Haki ya Mungu."

"Mungu akubariki," nikasema. "Nisaidie basi. Kuna waya nataka upite. Tia mkono chini ya hii, ndani kabisa, hadi katikati."

Akainama. Alikuwa na mikono mizuri, Odera, mirefu, ya mtu anayejua kazi kwa kugusa. Nilimsikiliza badala ya kumtazama. Mkono ukaingia, ukatambaa, ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo. Ukapita tena mahali pale pale, polepole, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Alama ile aliijua kabla hajajua kusoma. Ilikuwa chini ya kigoda chake cha uji.

Timu zikaanza kuingia uwanjani. Watu wakapiga mbinja. Odera alikuwa bado ameinama.

"Odera," mama yake akaita kutoka benchi la mbele, akinyoosha shingo amwone fundi wake kazini. "Kuna nini huko chini?"

Akautoa mkono. Hakunitazama.

"Vumbi tu, mama."

Akajipangusa vidole kwenye suruali, mara tatu. Nilikuwa nimepapangusa pale asubuhi ile, kwa kitambaa kibichi, hadi mikato ikang'aa.