Nywele za Faustina

Ambrosi alipoacha seminari mwaka 1954 ili amwoe Juliana, Padri Marcelino alimnunia miaka miwili mizima. Kwa hiyo siku Padri alipomkabidhi kopo la sarafu za shaba za Kirumi, urithi wa babu yake kule Italia, Ambrosi alifurahi kupita kiasi. Kazi ilikuwa kuandika kila sarafu ni ya nani na ya miaka gani. Akifaulu, Januari angefundisha Kilatini shule ya misheni. Akishindwa, angebaki na viazi vyake.

Sarafu saba alizimaliza haraka. Zilikuwa zimelika, zimebaki na kichwa cha mwanamke na neno FAVSTINA, yaani Faustina kwa maandishi ya Kilatini cha kale. Jina moja, mtu mmoja. Akaziandika zote pamoja, akajipongeza.

Juliana, ambaye alikuwa amesuka nusu ya vichwa vya wanawake wa Iringa, aliinama mezani.

“Baba Tekla, mbona umewachanganya hawa?”

“Wote ni Faustina.”

“Hawa watatu wamefunga nywele utosini. Hawa wanne, kisogoni.”

“Labda alibadilisha msuko.”

“Na pua je, nayo aliibadilisha?”

Ambrosi akanuna, kisha akafungua kitabu cha Padri kwenye ukurasa aliouruka. Akina Faustina walikuwa wawili, mama na binti, wote wake wa Makaisari, na mama alikufa zaidi ya miaka thelathini kabla ya binti. Lakini kwa watu wa Ambrosi mtoto hupewa jina la bibi yake, kama Tekla wao alivyopewa. Nani angedhani mama atampa binti jina lake mwenyewe? Aliona aibu, halafu akacheka mpaka mtoto akaamka.

Jumatatu Padri alisoma orodha. Alipofika kwa akina Faustina, tatu za mama na nne za binti, alizigeuza moja moja dirishani.

“Maandishi mengine yote yamefutika. Umewatofautishaje?”

Ambrosi angeweza kutaja kitabu tu, na usingekuwa uongo mkubwa. Jina la Juliana halikuwa limetamkwa ofisini humo miaka miwili, na Januari ilikuwa mikononi mwa Padri.

“Ni mke wangu, Juliana. Aliwatambua kwa nywele. Mimi niliwachanganya.”

Padri alivua miwani, akaifuta polepole. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa kopo la pili la sarafu, kubwa kuliko la kwanza.

“Januari utafundisha,” alisema. “Hizi mpelekee Juliana. Mwambie namsalimu.”