Tofauti: Moja

Mama yake Taratibu alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, na kwa fundi wa aina yake hakuna dhambi kubwa kama mkunjo. Uongo angekusamehe, kuchelewa angekusamehe, lakini ukitoka nyumbani kwake na kola iliyojikunja ungerudishwa kutoka mlangoni kama mtoto wa chekechea, hata kama una miaka thelathini na mitano na kitambulisho cha hospitali shingoni. Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, alipoiona bahasha ya kaki mezani imejikunja kwa kukaa kwenye mkoba, alifanya kile ambacho mkono wake umezoea. Aliipiga pasi.

Tena pasi ya mvuke.

Bahasha ilikuwa ya bintiye. Jina la Taratibu alipewa kazini, nalo likamkaa. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya hadubini na kutafuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa, vijiti vidogo vyekundu kwenye rangi ya bluu, na sheria ya kazi inasema usiandike "hakuna" mpaka uwe umeangalia sehemu mia moja za slaidi, kile kioo kilichopakwa makohozi. Wenzake, Mungu awasamehe, siku ya foleni ndefu mia yao ilikuwa kama sabini hivi. Mia ya Taratibu ilikuwa mia. Wakimcheka aliwajibu kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, kisha akarudisha jicho kwenye hadubini.

Na sasa alikuwa anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili, miaka miwili ya kusoma vijidudu kwa undani, ada yote imelipwa. Shahada ya kwanza aliipata kwa masomo ya jioni, huku mama anashona sare za shule za nusu ya mtaa. Mwaka juzi aliomba akakosa. Mwaka jana mama alilazwa, na siku ya mwisho ya maombi ikampita akiwa kando ya kitanda. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwake, maana masharti yalisema mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano, na umri haurudi nyuma hata ukiubembeleza.

Masharti yalisema pia kwamba barua mbili za wanaomfahamu mwombaji zifike zimefungwa, sahihi ya mwandishi imepita juu ya gundi, kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Bahasha iliyofunguliwa haipokelewi. Barua ya kwanza iliandikwa na mwalimu wake wa chuo, ambaye alimpa kwanza aisome kabla ya kuifunga: kurasa mbili za hodari, shupavu, mwenye kipaji adimu, hadi Taratibu mwenyewe akaona haya. Ya pili ilikuwa ya mkuu wa maabara. Ndiyo iliyokuwa chini ya pasi.

Huyu mkuu wa maabara nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Rudia. Ukipaka rangi ikawa nzito, alisema rudia. Ukiandika namba ya mgonjwa ikapinda kidogo, rudia. Kusifia hakujua, au alijua akaona ni hatari, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndani ya miaka minane Taratibu alipata kwake sifa moja tu, nayo ilikuwa neno "Haya", na siku hiyo wenzake walimpa mkono wa pongezi. Alipomwomba barua alijibu kwamba ataandika anachokijua. Baada ya siku tatu akamkabidhi bahasha nyembamba mno.

Basi mvuke ukafanya kazi yake. Gundi ikalainika, kifuniko kikajiinua chenyewe, na karatasi ikachungulia. Mama akamwita bintiye kwa sauti ya mtu aliyemwagia mchuzi nguo ya mteja. Taratibu akatoka bafuni na mswaki mdomoni, akaona bahasha iko wazi juu ya meza ya pasi, akataka kuirudisha karatasi bila kuiangalia. Lakini macho hayana pazia, na mistari yenyewe ilikuwa minne.

Mwombaji amefanya kazi chini yangu miaka minane.
Slaidi zake nilizozisoma upya: 1,316.
Tofauti: moja.
Nathibitisha ripoti hii.

Akaisoma tena, mswaki bado uko mdomoni. Maabara nzima wanajua "tofauti" maana yake nini. Ni pale kioo kimoja kinaposomwa na watu wawili na majibu yasilingane, yaani mmoja wao kakosea. Na anayekosea, kwa kawaida, si yule anayekagua.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Mama naye alisoma, polepole, akiisogeza karatasi mbali na macho, kisha akaiweka chini kama kitu chenye moto.

"Miaka minane," akasema, "mtu anakupa mistari minne, na mmoja ni wa kukuchongea."

Halafu, kwa kuwa hasira yake haikukaa kamwe mbali na ufumbuzi, akasema gundi anayo, ile ya kubandikia bitana, waibandike tena ile sahihi ilingane vizuri, nani atajua? Taratibu alikiri baadaye kwamba wazo hilo alilitafakari, tena si kwa sekunde moja. Lakini kufunga kungetibu bahasha tu, barua ingebaki vilevile. Na kulikuwa na jambo jingine lililomkereketa kuliko aibu. Kama alikosea, mbona hakuambiwa? Bwana Rudia aliyemrudishia fomu kwa nukta iliyosahaulika, aone kosa la kweli kisha anyamaze?

Akasema anakwenda kumuuliza. Mama akasema kosa la pasi ni lake na atalisema kwa mdomo wake mwenyewe. Wakaongozana, mama amevaa gauni lake la heshima na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, maana aliisahau.

Maabara ilikuwa mwisho wa korido ndefu, chumba chenye harufu ya spiriti na sinki ambalo halijapata kutakata madoa mekundu tangu lijengwe. Bwana Rudia alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha juu, koti jeupe limejikunja mgongoni kote. Mama aliliona koti kabla hajamwona mtu. Akajizuia, akaamkia, akaeleza habari yote ya pasi bila kujitetea. Yule mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akaipokea bahasha, akaigeuza, akaipitisha kidole ukingoni.

"Imenyooka," akasema.

Taratibu alikuwa ameandaa maneno njiani, mazuri na yenye mpangilio, yote yakapotea. Akauliza tu.

"Bosi, hiyo tofauti ni ipi? Kama nilikosea, mbona hukuniambia nirudie?"

Wenzake wawili waliokuwa wanaosha vioo wakawa wanaviosha bila maji. Bwana Rudia akashuka kwenye kiti, akafungua kabati la chini, akatoa daftari kubwa lenye jalada la kijani ambalo Taratibu hakuwahi kuliona likifunguliwa. Akaanza kulieleza kwa ule ufupi wake. Kila mwisho wa mwezi, wenzake wakienda kula mchana, yeye alibaki. Alichukua slaidi moja katika kila kumi alizosoma Taratibu, akafunika jibu lake kwa kipande cha kadibodi, akasoma mwenyewe, sehemu mia moja, kisha akafunua na kulinganisha. Miaka minane hakula chakula cha mchana siku ya mwisho wa mwezi. Hakumwambia kwa sababu hakukuwa na la kumwambia. Kurasa zilifuatana: sawa, sawa, sawa, sawa, mpaka jicho likachoka.

Halafu katikati ya mwaka wa tano kulikuwa na mstari mmoja wa wino mwekundu. Jibu la Taratibu: vijidudu vitatu. Jibu la mkaguzi: hakuna. Na chini yake, mwandiko wa mtu wa tatu kutoka maabara kuu, ambako kioo kilipelekwa kuamuliwa: vimeonekana.

Mama hakujua kusoma safu zile. Akauliza wazi, kama anavyouliza nani kakata kitambaa upande.

"Kwa hiyo aliyekosea ni nani?"

"Mimi," akasema Bwana Rudia.

Alisema bila kuinamisha kichwa wala kukiinua. Vitatu katika sehemu mia ni vichache mno, akaeleza; mtu mwenye njaa na haraka anavipita. Yeye alivipita. Yule mgonjwa alikuwa mwanamke mwenye mapacha wachanga, na alipewa dawa wiki ileile kwa sababu jibu lililotoka lilikuwa la Taratibu. Kama siku ile angekuwa yeye mbele ya hadubini, mama wa watu angerudishwa nyumbani na kikohozi chake, kwa wanawe.

Taratibu hakumkumbuka hata huyo mwanamke. Kwake ilikuwa Jumanne tu, na kioo kama vioo vingine.

Mama ndiye aliyerudi kwenye jambo lililowaleta. Mbona hayo hayamo kwenye barua? Bwana Rudia akaonekana kushangazwa na swali. Yeye alifuata fomu, akasema. Fomu ya kusoma upya ina safu ya idadi na safu ya tofauti. Safu ya nani alikosea haina. Miaka yote hajapata kuandika nje ya safu, na hivyo ndivyo anavyowafundisha vijana.

Mama akaitazama barua. Akamtazama yeye. Akaivua ile futi shingoni, akaikunja taratibu mkononi.

"Basi rudia, baba," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Hakujua kabisa kwamba hilo ndilo jina la mtu. Lakini mmoja wa wale waosha vioo alilazimika kutoka nje haraka, na mwenzake akapatwa na kikohozi ambacho hakingeonekana kwenye hadubini yoyote. Bwana Rudia akavuta karatasi mpya, akakaa, akarudia.

Alipomaliza alisema kwamba kwa kuwa ile wameshaisoma, na hii waisome. Mistari minne ilikuwa palepale, neno kwa neno. Chini yake kulikuwa na mingine miwili.

Katika tofauti hiyo moja, aliyekosea ni mimi. Yeye alikuwa sahihi.
Tangu siku hiyo, kila ninapokuwa na shaka na jicho langu, humpelekea yeye.

Mstari huo wa mwisho ndio uliomtoa Taratibu machozi. Miaka mitatu mtu huyu amekuwa akimwekea kioo kando ya mkono na kusema "Soma hiki", kisha anaondoka bila neno. Na miaka mitatu yeye amekuwa akirudi nyumbani na kumlalamikia mama yake kwamba bosi hamwamini, bado anampa mitihani kama mwanafunzi. Kumbe alikuwa anaombwa msaada. Akataka kusema ahsante, lakini Bwana Rudia alikuwa ameshaanza kulamba gundi ya bahasha mpya.

Mama aliibeba bahasha mwenyewe hadi ofisi ya ufadhili, kati ya vipande viwili vya kadibodi, na hakumruhusu mtu kuigusa. Ilifika siku moja kabla ya mwisho. Kabla hawajatoka maabara alikuwa amemvua Bwana Rudia koti lake kwa nguvu ya upole, akaondoka nalo. Kesho yake lilirudi limenyooka hata wauguzi wakauliza kama kuna mgeni wa serikali.

Kwenye usaili, mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisema wamesoma barua mia tatu na zaidi, na katika zote waombaji ni hodari, shupavu na wenye vipaji adimu, hata hawajui tena wamchague nani. Barua moja tu ilikuwa ya mtu aliyehesabu. Akamuuliza bosi wake ni mtu wa namna gani. Taratibu akafikiri, akajibu kwamba ni mtu aliyekosea mara moja akaandika kwa wino mwekundu.

Alipata. Habari ilimkuta kazini, na akampigia simu mama kwanza, na mama akalia juu ya suruali ya mteja, kisha akaipiga pasi. Bwana Rudia alipoambiwa alisema "Haya", na safari hii Taratibu aliisikia vizuri ilivyo nzito.

Wiki yake ya mwisho iliangukia mwisho wa mwezi. Wenzake walipokwenda kula, Bwana Rudia aliweka mbele yake kisanduku cha slaidi kumi na fomu tupu. Zilikuwa zile alizosoma Bwana Rudia mwenyewe. Akasema mtu yeyote anayesoma sharti naye asomwe, na yeye huko nyuma hakuwa na wa kumsoma.

Taratibu alizisoma zote kumi, sehemu mia moja kila moja. Hakula mchana. Akajaza: sawa, sawa, sawa. Tofauti: hakuna. Akaitia sahihi, akabaki ameishika kalamu, akiitafuta kwenye fomu nafasi ya lile jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu siku ya koti. Haikuwepo. Akaandika pembeni, nje ya safu zote, kwa mwandiko wake bora: Ahsante kwa kurudia kazi yangu miaka minane.

Akampelekea. Bwana Rudia akaisoma fomu kuanzia juu, mstari kwa mstari, kama kawaida yake, mpaka akafika pembeni. Akasimama hapo. Fomu iliyoandikwa nje ya safu ni fomu iliyoharibika, hilo Taratibu alilifundishwa siku yake ya kwanza, na akawa anangoja lile neno.

Bwana Rudia akaitoboa matundu mawili, akaifungua faili, akaiweka ndani.